Makoa wa Kamishna

Daladala la Chwaka lilikuwa limeshaipita Dunga, penye magofu ya kasri ya Mwinyi Mkuu, ndipo mzee niliyebanana naye aliponiuliza nasoma nini kwa bidii namna ile. Mapajani nilikuwa na kurasa thelathini hivi, nakala za jarida la wanazuolojia wa London la 1902 na miaka miwili iliyofuata. Nikamwambia ni habari za makoa wa bahari, zimeandikwa na Mzungu aliyekuwa akiitawala Kenya. Akautazama mchoro wa ulimi wa koa, vijino vimepangwa safu kwa safu kama tupa ya seremala, akanirudishia karatasi yangu.

"Kenya yote anayo, yeye anahesabu meno ya konokono," akasema. "Basi kazi ilikuwa nyepesi."

Nyepesi haikuwa, angalau kwa waliotawaliwa. Sir Charles Eliot alikuwa Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza hadi 1904, na ndiye aliyewafungulia walowezi mlango wa nyanda za juu. Alijiuzulu mwaka huo akigombana na wakubwa wake wa London juu ya ardhi ya Wamaasai aliyotaka kuwagawia wageni. Mtu huyohuyo alikuwa ameandika sarufi ya Kifini mwaka 1890, baadaye akaandika vitabu vizito juu ya Uhindu na Ubudha, akakiongoza Chuo Kikuu cha Hong Kong kilipoanza, akawa balozi Japan, akafia melini 1931 akiwa njiani kurudi kwao. Na katikati ya yote hayo, makoa. Sijawahi kumpenda, na safari hii haikunipatanisha naye. Lakini kila mtu wa fani yetu anayetaka kujua makoa wa pwani hii lazima apite mlangoni kwake, na mimi, mwalimu wa baiolojia niliyestaafu juzijuzi, nilikuwa na majina yake mawili ya kufuatilia.

Jina la kwanza ni *Crosslandia viridis*, la 1902. Alimpa heshima hiyo Cyril Crossland, kijana wa Kiingereza aliyezunguka Unguja na pwani ya Kenya mwaka 1901 na 1902 akikusanya kila kinachotambaa chini ya maji, na Chwaka ilikuwa moja ya kambi zake. Jina la pili ni *Halgerda wasinensis*, la 1904, koa mweusi mwenye mistari ya manjano, aliyebeba jina la kisiwa cha Wasini kule kusini ya Mombasa. Nilikuwa nimepanga kwenda Chwaka kumtafuta wa kwanza na Wasini kumtafuta wa pili. Huyo wa kwanza nilimtaka zaidi, kwa sababu ukoo wake unaogelea. Hujikunja kushoto na kulia kama mtu anayejinasua kwenye shuka, na polepole huondoka kwenye jani alilokalia. Katika kurasa zote zile, koa alikuwa amelala kwenye spiriti. Spiriti hutunza meno vizuri sana. Rangi huichukua, na mwendo haiutunzi kabisa.

Chwaka nilifika mchana. Kwa siku za bamvua kule maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, kwa hiyo nililala, na kesho yake nikashuka ufukweni nikiwa na ndoo, kioo cha kukuzia na kaptula niliyoishi kuijutia. Ghuba yote ilikuwa imebaki majani, kijani kibichi na kijani cha kahawia, na maji ya kifundo cha mguu, hadi kule mbali ambako Michamvi huonekana kama mstari wa penseli. Wanawake walikuwa wameshatawanyika, kanga zimefungwa juu ya magoti, wanaokota tondo na chaza.

Nilimwamkia mmoja aliyekuwa mkubwa kuliko wote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepoteza nini?"

Nikamwonyesha mchoro. Aliutazama kwa haki, akaugeuza juu chini, akauliza ukubwa wake. Nikamwonyesha kidole kidogo. "Haliliwi hilo," akasema, akaendelea na kazi. Baadaye, tulipozoeana, alinieleza mpango mzima wa bahari yake. Kuna kinacholiwa. Kuna kisicholiwa lakini kinauzwa, mfano jongoo bahari, ambaye hapa kwetu hakuna anayemtia sufuriani ila mnunuzi humfuata mpaka mlangoni. Vilivyobaki vyote ni wadudu. Nimesoma mipangilio mingi ya viumbe maishani mwangu, na huu wa bibi una sifa moja ambayo mingine haina: haujabadilishwa na mtu yeyote tangu alipofundishwa na mama yake.

Wangu umebadilishwa. Nieleze hapa, maana ni jambo lililonitia aibu kidogo. Chuo kikuu tulikariri kwamba konokono wote wako makundi matatu. Wapo wenye matamvua mbele ya moyo, wapo wenye matamvua nyuma ya moyo, na wapo wanaopumua hewa. Lile la katikati liliitwa Opisthobranchia, jina alilolitunga Mfaransa Milne-Edwards mwaka 1848, na makoa wa bahari wote tuliwatupia humo: sungura bahari, makoa wanyonya-mwani, wenye matamvua wazi mgongoni ambao Cuvier aliwaita Nudibranchia mwaka 1817, na vile vidude vyenye mabawa vinavyoelea bahari kuu. Niliwafundisha wanafunzi wangu hivyo mpaka nikastaafu. Kumbe kundi lilikuwa limeshavunjika. Vinasaba vilipoanza kulinganishwa, ukoo ule ukaonekana kuwa baraza la wageni waliokaa mkeka mmoja kwa sababu tu wote hawana gamba, au wanalo dogo. Mwaka 2010 ulitoka uchunguzi uliowapeleka wanyonya-mwani upande wa konokono wa nchi kavu. Sungura bahari na wenye mabawa wakabaki na nyumba yao, na wenye matamvua wazi wakawa na yao pamoja na jamaa zao wachache.

Na kana kwamba nimeitwa kusuluhishwa, koa wa kwanza niliyemwona Chwaka alikuwa mnyonya-mwani. *Plakobranchus*, urefu wa kidole gumba, amelala juu ya mchanga mtupu, rangi ya mchanga, madoa madogo kama ya kanga wa kufugwa. Ungemkanyaga. Nilimwinamia mpaka jua likanichoma shingo. Akatulia, kisha akazifungua mbavu zake mbili za nyama zilizokuwa zimekunjwa mgongoni kama mtu anayefungua koti, na ndani mlikuwa na mistari ya kijani kibichi iliyobanana mithili ya kurasa za daftari. Ile kijani ni mali ya mwani. Hutoboa seli ya mwani, hufyonza yaliyomo, huviacha vile viwanda vidogo vya kutengeneza chakula kwa jua vibaki hai ndani ya mwili wake, akavianika. Huyu, pamoja na maji yote haya, ni ndugu wa karibu zaidi wa konokono anayekula mchicha wangu kuliko wa koa yeyote niliyemfuata Wasini.

Wa pili aliniharibia kaptula. Nilidhani ni jiwe lenye ukungu, nikaligeuza, likawa laini. Alikuwa sungura bahari wa aina ya *Dolabella*, mkubwa kama nazi iliyofuliwa, mwili wote vinyama vidogo kama nyasi, nyuma amekatwa wima kama gogo lililopitiwa msumeno. Akanimwagia wino wa zambarau, mwingi, mzuri hata, ukapanda mpaka kiunoni. Wanawake wote wa upande ule wa ghuba walinyanyuka kutazama.

"Nilikwambia ni wadudu," bibi akasema.

Baadhi ya jamaa wa huyu huogelea. Kuna sungura bahari wa jenasi ya *Aplysia* wenye mbavu pana, huzipiga juu na chini kama kanzu inayoanikwa upeponi, wakavuka mita nyingi bila kugusa chini. Mwingine, *Notarchus*, hujaza maji ndani ya mwili uliofungwa kama mfuko, akayafyatua kwa mbele, akaenda kinyumenyume huku akibingirika. Dolabella wangu hakuwa na habari hizo. Nilimrudisha chini, akabaki pale akitafuta heshima yake.

Crosslandia sikumwona. Nilipekua majani mpaka maji yakaanza kurudi, mikono imekunjamana, nikiguswa na kila kitu isipokuwa yeye. Usiku nikausoma tena ukurasa ule, nikagundua kosa langu ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili asingelifanya: viumbe wa ukoo ule hufanana na jani walilokaa juu yake, na mimi nilikuwa natafuta umbo la mchoro, yaani umbo la maiti. Huenda nimempita mara mia.

Safari ya Wasini sina mengi ya kuisimulia. Boti hadi Tanga, basi hadi Horohoro, mhuri, mhuri mwingine Lunga Lunga, matatu hadi Kanana, bodaboda hadi Shimoni. Kipande kifupi kuliko vyote, kile cha kuvuka kutoka Shimoni, ndicho kilichonigharimu. Kaskazi ilikuwa imeamka alasiri, na wimbi moja lisilo na adabu likaingia ndani ya mashua, likaukuta mkoba wangu umeachwa wazi. Kurasa za Kamishna zikalowa zote. Abiria mwenzangu aliyekuwa na kuku kwenye kikapu aliwatazama kuku wake kwanza, wakiwa wakavu, ndipo akanipa pole.

Wasini hakuna gari. Kuna vijia vya mawe ya matumbawe, kuna mibuyu, na maji ya kunywa ni ya mvua, huvunwa kwenye majabia, kwa sababu kisiwa hakina maji matamu ya kuchimba. Nilifikia kwa nahodha mmoja, mtu wa Kivumba wa makamo, aliyenisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja tu: huyo mdudu huonekana usiku au mchana? Nikamwambia Halgerda anaweza kuonekana mchana, lakini mwenye kuogelea kwelikweli hutoka usiku. "Basi twende usiku," akasema. "Mchana nina watalii."

Hatukwenda Kisite kwenye hifadhi. Tulibaki upande wa kijiji, mahali penye mwamba wa pima mbili hivi, na nahodha akakataa nisishuke mpaka maji yasimame. Mkondo wa mlango ule haufanyi mzaha. Tukakaa ndani ya mashua gizani kama saa nzima, tukinywa chai ya tangawizi kwenye chupa, na kwa kuwa alikuwa na mwalimu hana pa kukimbilia, akaniuliza mambo.

Alitaka kujua, kama makoa wengine wanaweza kuogelea, kwa nini wote wasiogelee. Nikamwambia karibu wote waliogelea, utotoni. Koa wa bahari huanguliwa akiwa mdogo kuliko punje ya chumvi, ana gamba lililosokotwa kama la konokono yeyote, na mbele ana matawi mawili yenye vinywele vinavyopigapiga maji. Hivyo ndivyo anavyosafiri. Akipata chini panapomfaa hutua, huliacha gamba, na maisha ya kutambaa huanza. Wachache ndio hujifunza upya utu uzimani. Katika kundi la wenye matamvua wazi na jamaa zao wa karibu zimeshaelezwa aina zaidi ya elfu mbili, na wanaojulikana kuogelea wakiwa wakubwa ni makumi tu.

"Na hao makumi ni ndugu?"

Hapo ndipo penyewe, na nilifurahi ameuliza yeye. Si ndugu kwa sababu hiyo. Uogeleaji umezuka, umepotea, umezuka tena katika koo mbalimbali. Wapo wanaojikunja kwa ubavu, kushoto kulia, kama jamaa za Crosslandia, au *Melibe* mwenye kichwa kipana kama nyavu ya kimia, au *Bornella anguilla* anayekwenda kama mkunga. Wapo wanaojikunja juu na chini. Yupo *Phylliroe*, ambaye ameacha kabisa habari ya kutambaa, mwili umebanwa ubavuni kama samaki, wayo umebaki alama tu, anaishi bahari ya wazi akila konyeza. Ukimwona ungeapa ni samaki wa kioo. Na yupo *Glaucus* wa buluu, ambaye watu humhesabu miongoni mwa waogeleaji kwa kumwonea. Yeye humeza hewa akaelea chali, upepo ukampeleka utakako.

Nilimsimulia pia *Tritonia* wa Bahari ya Pasifiki, upande wa kaskazini-magharibi ya Marekani. Huyu akiguswa na kiti cha pweza mla-makoa hushtuka, hujitupa juu na chini mara chache, akatua mbali kidogo, basi. Neva zake ni kubwa kiasi kwamba wataalamu waliweza kuzichoma sindano moja moja huku koa mwenyewe akiogelea, na mwaka 1969 Dennis Willows na Graham Hoyle walichapisha jinsi kikundi cha seli chache kinavyoamrisha mwendo wote ule. Kilichonishangaza mimi zaidi kilikuja baadaye, kutoka kwa Paul Katz na wenzake. Walimchukua Melibe na *Dendronotus*, wote wawili wa kushoto-kulia, mwendo wao ukiutazama huwezi kuutofautisha. Wakafuata seli zilezile ndani ya vichwa vyao. Zimefungwa kwa njia tofauti. Ngoma moja, wapigaji wamekaa nafasi nyingine.

Nahodha alifikiri. "Ni kama tanga," akasema. "Jahazi na ngalawa zote zinakwenda na upepo, lakini kamba ukizifuata utapotea." Kwa miaka yangu yote darasani sikuwahi kupata mfano uliokaa vizuri hivyo, na nimeuiba.

Maji yakasimama. Akanifunga kamba kiunoni kama mbuzi wa Idi, akaishika ncha, nikashuka.

Usiku mwamba ni mji mwingine. Samaki waliojaa mchana wamejibanza na macho wazi, kamba wanang'aa macho mekundu kila tundu. Nilipita juu ya wale weusi wenye miiba mirefu nikiwa nimevuta tumbo ndani. Halgerda sikumwona. Nilimtafuta kwenye kila ukuta wenye sifongo, taa ikatembea taratibu, na robo saa ikaisha hivyo.

Kisha nikaona kitu kama pindo la nguo limenasa kwenye mwamba. Chekundu, madoadoa meupe, urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, kingo zote zimeviringwa kuelekea mgongoni. Kilikuwa kinatambaa. Mbele pembe mbili za kunusia zikichezacheza, nyuma matamvua yamesimama kama vichaka, kila kimoja na shina lake. Nikayahesabu, kwa sababu jina lake ni hesabu hiyo: *Hexabranchus*, matamvua sita. Sita. Jamaa zake wengi huyaweka yote katika duara moja na wakishtushwa huyavuta katika mfuko mmoja. Huyu kila moja linajitegemea. Kati ya mawili niliona vitu viwili vyembamba vikitembea, rangi ileile nyekundu na kiraka cheupe. Ni kamba wadogo, *Zenopontonia rex*, wanaoishi juu yake wakila makombo, na hukaa humohumo hata mwenyeji akiondoka mwambani.

Sikutaka kumgusa. Nilisogeza taa tu, karibu kidogo kuliko ilivyofaa, na maji ya mkono wangu yakampiga.

Zile kingo zikafunguka. Yote kwa mara moja, mbele hadi nyuma, na kilichokuwa kitu chekundu cha kiasi kikawa kipana mara mbili, ukingo mweupe na mwekundu ukiwaka ghafla usoni mwangu. Nadhani samaki yeyote angerudi nyuma, mimi nilirudi. Akaachia mwamba. Kichwa kikashuka kikaufuata mkia kwa chini, mwili ukawa upinde, ukanyooka, ukapinda upande wa mgongo, tena chini, na wakati huohuo marinda ya pembeni yakikimbiza mawimbi yao kutoka mbele kwenda nyuma, hayausubiri mwili. Miendo miwili katika mnyama mmoja. Hakuwa na haraka wala hakuwa na shabaha. Alipanda, akayumba, akapita juu ya kichwa changu, na nikaona wayo wake kwa chini, mweupe, umekunjwa katikati kama mshono. Wale kamba wawili nao humo, wameshika.

Nikasikia kamba inavutwa. Nahodha alikuwa ameiona taa yangu imetulia mno akadhani nimezimia. Nilipotoa kichwa alikuwa ameinama ubavuni mwa mashua na tochi yake, na yule koa akawa amefika karibu na uso wa maji, anajipiga polepole ndani ya mwanga.

"Leso ya mtu imeanguka," nahodha akasema. Kisha akanyamaza kwa muda, akaongeza kwamba analiona hilo tangu utotoni, wao huliacha lipite.

Wazungu wanamwita mcheza ngoma wa Kihispania, kwa ajili ya yale marinda. Rüppell na Leuckart walimpa jina la kitaalamu kutoka Bahari ya Shamu, karibu na 1830: *sanguinea*, wa damu. Baadaye kila msafiri aliyemkuta na rangi tofauti kidogo akampa jina lake, majina yakawa lundo, yakaja kuunganishwa yote kuwa mmoja, na sasa vinasaba vinayatenganisha tena, kwani chini ya lile jina moja wamejificha zaidi ya aina moja, na la *sanguineus* lina haki zaidi kwa wale wa Bahari ya Shamu kulikotoka. Kwa hiyo nilipomwambia nahodha anaitwa nani, nilisema Hexabranchus, nikaishia hapo.

Kwa mwendo wake pia kuna waliotutangulia. Malcolm Edmunds, aliyeandika mfululizo wa makala juu ya makoa wa Tanzania, alichapisha mwaka 1968 maelezo ya jinsi anavyoogelea na kujihami, akitumia jina la wakati ule, *marginatus*. Na miaka mitano kabla yake Gohar na Soliman walikuwa wameandika maisha yake kutoka kituo cha Ghardaqa, Misri. Kituo hicho kiliwahi kuongozwa na yuleyule Crossland wa Chwaka, baada ya kumaliza miaka yake ya kulima chaza wa lulu Sudan. Nadhani mzee wa daladala angesema hawa watu walikuwa wanajuana mno.

Kabla ya kuondoka nahodha alinionyesha kwa tochi kitu kilichokuwa mwambani, nilichokipita bila kukijua: ua jekundu kama waridi, ukubwa wa ngumi mbili, likipepea. Ni mayai. Utepe mrefu uliosokotwa, ndani yake mayai yasiyohesabika, na upo peupe bila mlinzi. Hauna haja ya kulindwa. Mama yake, ambaye pia ni baba wa mayai ya mwingine kwa kuwa makoa hawa wote ni huntha, hula sifongo zenye sumu, huibadili kidogo, nyingine akaiweka ngozini mwake na nyingine akaifungia kwenye utepe huo. Mwaka 1988 watafiti waliwapa samaki chakula kilichotiwa sumu hiyo, samaki wakakikataa.

"Ndiyo maana haliliwi," nahodha akasema. Nikamkumbuka bibi wa Chwaka.

Asubuhi nilizitandaza kurasa zangu juu ya ukuta wa jabia, kila moja na jiwe la tumbawe juu yake. Wino ulikuwa umeshika, michoro imevimba kidogo tu. Watoto waliokuwa wakitoka chuoni na juzuu zao wakaja kutazama, na mmoja, wa miaka tisa au kumi hivi, akawa anasoma kwa kidole, neno kwa neno, lugha asiyoijua. Akafika kwenye Halgerda. Akarudia neno la pili mara mbili.

"Mwalimu," akasema, "hapa wamekosea. Wasini haiandikwi hivi. Wamezidisha herufi."

Nikamwambia ni kweli, zimezidi. Akaniomba kalamu.